Kutawadhisha Ndege

Nyumba yetu iko Chaani, karibu na uwanja wa ndege, na ndege ndogo zikitokea upande wa Kipevu kwenda kutua hupita juu ya bati letu chini chini mpaka nguo zilizo kambani zatikisika. Zamani nilikuwa sizitazami. Ukishakaa mahali miaka na miaka, kelele za pale huwa kama pumzi zako mwenyewe, huzisikii. Sasa nazisikia. Ikija moja tu, naacha ninachofanya, natoka uani, nainua uso kutazama kitu kimoja: miguu. Ina miguu au haina? Ikiwa nayo narudi ndani. Wallahi hata niwe na tonge mkononi, nitatoka nalo.

Majirani washanizoea. Mmoja anayeuza viazi karai pale nje huniuliza, "Mzee, leo zote zimevaa viatu?" Namjibu zimevaa. Yeye hucheka. Hajui.

Nitaeleza ilikuwaje, ila mnivumilie, maana shule niliiacha darasa la tatu na mambo yangu hayaendi kwa mstari. Nilikuwa kuli bandarini. Kazi ya kuli ni masikio: wa juu akipiga kelele, wa chini anaruka pembeni kabla hajajua ameruka kwa nini. Nimeanza na masikio kwa sababu, mtaona.

Mjukuu wangu tulimlea sisi, mimi na mke wangu. Babake yuko Uarabuni kwa kazi, mamake ndiye binti yetu, na alifariki mtoto akiwa bado anatambaa. Mimi namwita "mke mdogo," na nyanya yake humwita "mke mwenza," huo utani wa babu na nyanya na wajukuu zao mwaujua. Akiniudhi namwambia nitamwandikia talaka, naye huniuliza nitaiandika na kalamu ya nani.

Jambo moja tulimshika nalo tangu ulimi haujamkaa sawa. Kuitika. Ukiitwa, "Abee!" Si "eeh," si "nini," wala si kunyamaza. Umo jikoni, umo bafuni, una ndoo kichwani, itika kwanza, mengine yatafuata. Watu walituona wakali. Lakini sisi tulikuwa na sababu, na nyanya yake hapendi niiseme, basi nitaisema upesi. Asubuhi ile nilisimama mlangoni kwa binti yangu nikamwita chai tayari. Kimya. Nikamwita tena. Binti huyo tangu mdogo hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili. Nilisukuma mlango nikiwa nishajua. Tangu siku hiyo, nikimwita mtu wa nyumbani kwangu nisisikie kitu, huhisi baridi inaniingia kwenye magoti, hapa, nyuma ya goti. Ndiyo maana mtoto akajifunza kuitika kabla hajajifunza kuomba maji.

Basi alipomaliza shule akasema anataka kusomea urubani. Niliketi chini pale pale nilipokuwa, nikakalia bakuli la mchele. Babake akakubali kumlipia. Chuo chenyewe kiko pale pale uwanjani, akienda kwa miguu anafika. Kwangu hilo halikuwa faraja. Kitu kikianguka karibu na nyumbani, kimeanguka vile vile.

Jioni moja alikuwa kibarazani anajisomea kwa sauti, neno moja la Kizungu analirudia na kulirudia kama mtu anayeita mbwa. Nikamuuliza, "Mke mdogo, huyo ni nani?"

"Si mtu, babu. Kila herufi ni kitu cha kukagua kabla ya kutua. Wameunga herufi ili rubani asisahau."

"Na wewe wasahau nini?"

"Neno nalikumbuka. Nasahau herufi ni za nini."

Nikamwambia si uunge la Kiswahili. Akafikiri, akahesabu kwa vidole: mafuta, magurudumu, mchanganyiko wa mafuta na hewa, mapanga ya mbele, mikanda. Akasimama ghafla, akaanza kucheka. "Babu! Zote zaanza na M! Nitasema nini huko juu? Mmmmm?"

"Kama mtu anaonja mchuzi," nikamwambia, na nyanya yake akacheka kule jikoni, nikafurahi, maana mke wangu si mwepesi wa kucheka.

Ikaadhiniwa. Nikachukua kopo langu nikaenda bombani kutawadha. Naye akaja akasimama ananitazama kama hajawahi kuniona, nami namwaga maji na kuendelea kuzungumza na jirani juu ya ukuta habari za mbuzi wake anayekula nguo. Nilipomaliza akaniuliza, "Babu, umewahi kukosea mpangilio?"

"Kukosea vipi? Mkono wajua njia. Mimi nilikuwa kwa mbuzi."

Akajitazama viganja vyake. Nami, kwa mdomo wangu huu usio na kufuli, nikamwambia kwa mzaha, "Basi nawe itawadhishe hiyo ndege."

Mke wangu akatoka jikoni na mwiko. "Astaghfirullah! Ndege itawadhe, kwani yaenda kusali?"

"Yaenda mbinguni," nikasema, "bora iende safi."

Hakuna aliyecheka. Neno lilikuwa limeshatoka, likasimama pale uani baina yetu. Mke wangu akanitazama, akarudi jikoni. Mimi nikaenda msikitini, na rakaa zangu siku hiyo anazijua Mola peke yake.

Lakini mtoto hakufanya mzaha. Alikaa na ndege yake na udhu wake mpaka vikaingiana. Kwanza niya: anasema moyoni, sasa nataka kutua. Kisha viganja: mkanda umefungwa, usukani umeshikwa. Mdomo ni mafuta, maana ndege nayo inakunywa. Pua ni lile panga la mbele, liko puani hasa. Uso ni zile geji, saa za vipimo, zinazokutazama. Mikono hadi kiwikoni ni mabawa, na vile vibawa vya nyuma vinavyoshushwa. Kupaka maji kichwani ni kutazama juu na pande zote kama kuna mwenzako hewani. Masikio ni redio. Miguu ni breki. Amekwisha.

Niliogopa dhambi kidogo, nikamuuliza imamu kwa kuzungukazunguka, nikasema kuna mtu namjua. Akaniambia huyo mtu asiposema ndiyo ibada, akajua ni kukumbuka tu, hakuna neno. Nikapumua.

Ikamfaa. Miezi ikaenda. Mwalimu wake, mtu wa bara, Mkristo, akamuuliza mbona huyu hakosei siku hizi, naye akamwonyesha, akijigusa mdomo, pua, uso. Mwalimu alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akamwambia amfundishe naye. Aliponihadithia nilijiona mtu. Nilitembea Chaani yote siku ile na kofia upande.

Sasa kilichonitia hofu mpaka leo ni hiki. Ile ndege ya kwanza ilikuwa na magurudumu yaliyosimama vivyo hivyo, juu na chini, kama miguu ya kitanda. Akaja akahamishiwa ya pili, kubwa kidogo, na hiyo ikishapaa inakunja magurudumu ikayatia tumboni, kama kunguru. Ukitaka kutua uyashushe wewe, kwa mkono wako, na hiyo ndiyo ikawa miguu ya udhu wake. Usiposhusha hashushi mtu. Inakuja na tumbo.

Alasiri moja mwalimu alimleta mpaka nyumbani kwa gari lake. Mtoto akapita moja kwa moja chumbani. Mwalimu akanipa shikamoo, nikamkaribisha chai, akakishika kikombe hakunywa.

"Mzee," akasema, "huyu mtoto ako na heshima sana."

"Alhamdulillahi. Tumejitahidi."

"Hapana, sikia. Heshima ndio shida."

Akanieleza, nami nikaelewa zaidi ya alivyotaka. Walikuwa wanarudi kutua. Mtoto anafanya udhu wake vizuri, mdomo, pua, uso, mikono, kichwa. Akafika masikioni. Hapo hapo watu wa mnara, wale wanaoongoza ndege kwa redio, wakamwita. Na huyu mtoto akiitwa huitika. Akajibu, akajibu vizuri, akaulizwa lingine, akajibu tena, kisha akashika usukani akaenda kutua. Masikio kamaliza. Akadhani kamaliza yote.

"Miguu?" nikauliza.

"Tumboni. Honi ya ndege, ile ya kuonya magurudumu hayajashuka, inalia kabisa, yeye haisikii, anasikiliza mnara. Nilingoja nione kama atakumbuka, nikaona ardhi inakuja. Nikamnyang'anya ndege nikaipandisha tena."

Nikamtazama huyo bwana. Akakiweka kikombe chini, kimejaa vile vile.

"Sisi tunafundishwa hivi," akasema. "Kwanza rusha ndege. Pili jua uko wapi. Kuongea ni mwisho. Yeye akiitwa anaanza na kuongea. Na mtihani uko karibu, na siku moja mimi sitakuwa kando yake."

Alipoondoka niliketi. Hofu niliyoijua bandarini ni ya ghafla, inapita na mzigo. Hii ilikuja ikavua viatu, ikaingia ndani, ikakaa. Kila kitu kilichotaka kumuua mtoto kilitoka kwangu. Kuitika, mimi. Udhu unaoweka masikio kabla ya miguu, mimi na mdomo wangu.

Nilikwenda mlangoni kwake. Nikamwita polepole, "Mke mdogo."

"Abee." Sauti ya kamasi.

"Badilisha mpangilio. Anza na miguu."

"Nimejaribu, babu. Nimejaribu humu kitandani tangu nije. Mkono wakataa. Nikianza na miguu, nikifika mdomoni napotea."

Nyanya yake alikuwa nyuma yangu. "Ukianza miguuni si udhu tena," akasema. "Ni kuosha matope."

Nilimkasirikia kwa kusema kweli. Nami pia nilikwenda bombani, peke yangu, nikajaribu kuanza na miguu. Mzee mzima nimesimama na mguu mmoja hewani, maji yananichuruzika, sijui cha kufuata. Mkono ulikuwa unakwenda viganjani wenyewe. Nikaogopa zaidi.

Tulipomweleza mwalimu, akasema basi, mpangilio ubaki, lakini mambo mawili. La kwanza, akiitwa katikati aseme "subiri" na asiseme lingine. La pili, akikatizwa asiendelee pale alipokatizwa, aanze tena mwanzo, kwenye niya. Hili la pili mtoto alilipata mara moja. "Udhu umenivunjikia," akasema, "naanza upya." La kwanza ndilo lililotutoa jasho, maana halikuwa la kuelewa. Lilikuwa la mdomo, na mdomo wake tuliufunga sisi na kuufungua sisi.

Tukaanza mazoezi uani. Yeye juu ya kiti cha plastiki, ameshika kifuniko cha sufuria kama usukani, anajigusa na kusema. Mimi nyuma ya tangi la maji, ndiye mnara. Akifika masikioni namwita.

"Mke mdogo!"

"Abee!" Na hapo hapo anajiziba mdomo.

"Umekufa," namwambia.

Neno hilo nililisema mara ngapi sijui. Nilichagua kulisema kwa nguvu ili limwingie, na kila mara liliniingia mimi. Tulirudia. Nilimwita kwa upole, nilimwita kwa ukali, nilimwita kama mtu aliyeanguka. Hiyo ya mwisho aliitika akasimama kabisa, kifuniko kikaanguka.

"Umekufa."

"Babu, wewe waniita kama unaumwa!"

"Na mnara hautakuwa na shida?"

Mke wangu alistahimili siku chache. Kisha akatoka na kibao cha mbuzi mkononi, nusu ya nazi bado haijakunwa. "Mimi nimemfundisha mtoto adabu kwa miaka, nyinyi mwamfundisha ujeuri mbele ya jiko langu! Kesho ataolewa, mama mkwe amwite, amjibu subiri?"

"Bora mama mkwe akasirike," nikasema.

"Kuliko nini?"

Nikarudi nyuma ya tangi. Alijua. Akaketi kizingitini akaendelea kukuna nazi, na kutoka siku hiyo alikuwa haingii ndani tukifanya mazoezi, anakaa pale pale.

Halafu siku moja ikatokea. Mtoto amefika masikioni, nikamwita, na kukawa kimya.

Nilikuwa nyuma ya tangi, simwoni. Nikasikia kimya kile, na magoti yakapoa yote mawili. Nikaona mlango mwingine, wa mamake, na chai nyingine. Nilikuwa nataka kimya hicho, nilikuwa nimekiomba, na kilipokuja nilishika ukingo wa tangi nisianguke.

Kisha sauti yake, kavu: "Subiri." Akaanza tena mwanzo. Niya. Viganja. Mdomo.

Nilipochungulia, mke wangu alikuwa ameinama juu ya sinia la nazi, mabega yanacheza.

Siku ya mtihani mwalimu alituambia ndege ni nyeupe ina mstari wa buluu, na itarudi baada ya adhuhuri. Ndani yake atakuwa mtoto na mtahini mgeni, mtu asiyejua mambo ya udhu wala ya mke mdogo. Nilisimama uani tangu mapema. Jicho langu moja lina mtoto wa jicho, jingine halina hamu. Mke wangu alijifanya anafua. Alifua kanga moja mpaka rangi ikaanza kumwomba msamaha.

Ikasikika upande wa Kipevu. Nikainua uso, nikaiona, nukta, kisha nzi, kisha ndege. Mstari wa buluu. Nikatazama chini ya tumbo.

"Ina miguu?" nikamuuliza mke wangu.

"Ngoja."

"Nitazamie, macho yako mazuri! Ina miguu?"

"Ngoja, mzee, wee!"

Haikuwa nayo. Hata mimi na jicho langu niliona tumbo tupu, laini, kama la samaki. Inakuja. Nilijua mahali alipo. Yuko masikioni. Wamemwita, ameitika. Na mdomo wangu ukafunguka bila ruhusa, nikapiga kelele juu kule, na bandarini nilikuwa na sauti, watu wa mtaa jirani wa Magongo wangenisikia:

"Mke mdogooo!"

Hapakuwa na jibu. Litoke wapi. Mwuza viazi akasimama na kijiko chake. Mke wangu akanishika mkono, kucha zake zikaingia.

Kisha kitu kikachomoza tumboni. Kimoja. Vikawa viwili, na cha mbele. Vikaning'inia pale, vidogo, vyeusi, na ndege ikapita juu ya bati letu, nguo zikatikisika, ikaenda ikashuka nyuma ya majumba tusipoweza kuona. Tukangoja mshindo. Haukuja.

Aliporudi alikuwa amefaulu. Alitupa shikamoo, akaketi sakafuni kati yetu, akatuhadithia. Mnara ulimwita akiwa masikioni.

"Ukafanyaje?" nyanya yake akauliza.

"Nikasema subiri."

"Kwa mtu mzima?"

"Kwa mtu mzima, nyanya. Kisha nikaanza tena kwenye niya. Ndiyo maana miguu ilichelewa."

Mke wangu akamweka mtandio sawa. "Basi utawaomba radhi," akasema, "ukishatua."

Hivi sasa anarusha ndege za abiria huko mbali, miji ambayo majina yake nayasahau. Hunitumia picha. Mimi humpigia simu, na mara nyingi simu huita, huita, haishikwi. Najua kwa nini. Yuko kazini, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha asiitike. Magoti hayajui hilo. Yanapoa vile vile. Natoka uani na simu mkononi, na ikipita ndege yoyote, yake au si yake, naitazama miguu. Kisha husimama pale karibu na tangi, mke wangu akiniita chakula naye namwambia asubiri, mpaka ile simu ilie na nimsikie, "Abee, babu." Ndipo nakaa.